UZI: Kwa wale ambao simu yao iliacha kulia

Msafiri wa Toro (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na dada.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauweka, kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu analia. Alikuwa mpiga kinanda kanisani kwao Kampala. Kazi imempeleka Kitgum, ana miezi minane huko, na katika wale aliokuwa akiwapigia kinanda hakuna hata mmoja aliyemtafuta. Akaniuliza, "Kaka, Mungu ameniacha?" Nilimjibu harakaharaka, na jibu langu halikunitosha hata mimi mwenyewe. Haya ndiyo ningetaka kumwambia.

Mimi niliongoza sifa Kampala miaka saba. Kanisa kubwa, ibada tatu kila Jumapili, mikesha, harusi, mikutano ya injili Mbale, Masaka, Lira. Simu yangu ilikuwa hailali. Kisha mambo mawili yakaja pamoja: kazi iliyokuwa inanilisha ikaisha, na mama mkwe akapooza upande mmoja. Mke wangu ni mtoto wa pekee. Tukafunga vyombo, tukaenda kwao, kijiji cha mashamba ya chai upande wa Fort Portal, nchi ya Toro, magharibi mwa Uganda. Sasa ni mwaka wa nne.

Mwezi wa kwanza simu ililia. Wa pili ikapunguza. Kufika mwezi wa sita ilikuwa inalia kwa ajili ya mke wangu tu, jamaa zake wakiulizia hali ya mama.

Kanisa la hapa lina watu kama arobaini. Kuta za udongo, paa la bati, sakafu ya mavumbi. Nilimwendea mchungaji nikamweleza huduma yangu, nimefanya nini na wapi. Ni mzee wa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akanipa ufunguo. "Aliyekuwa anafagia amehamia Kyenjojo," akasema. "Jumamosi jioni panahitaji mtu."

Popo wanakaa kwenye boriti. Kila Jumamosi mabenchi yana kinyesi chao kilichokauka. Unakikwangua kwa kipande cha bati, halafu unapitisha kitambaa chenye maji, benchi baada ya benchi. Jumamosi ya tatu, nikiwa peke yangu, niliweka ufagio chini nikaanza kuomba kwa sauti. Nikajisikia nikisema, "Inua mikono yako hapo ulipo." Hapakuwa na mtu. Nikanyamaza, nikaanza upya, yakaja yale yale: maneno ya kuwaambia watu, na pale katikati kimya kifupi cha kuwangoja waseme amina. Nilikaa kwenye benchi ambalo lilikuwa bado bichi nikalia. Miaka saba ya kuwaombesha watu, na sikujua kumwambia Baba yangu neno moja tukiwa wawili tu.

Mathayo 6:6 nilikuwa naijua kwa moyo. "Ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Nimeisoma madhabahuni mara nyingi, nikiwa na kipaza sauti mkononi.

Naendelea hapa chini, maana ni ndefu.

---

Msafiri wa Toro

Sehemu ya pili.

Rafiki wachache walionikumbuka walinitia moyo kwa njia moja tu. "Vumilia, Mungu anakuandaa kwa makubwa." "Yusufu alitoka gerezani akaenda ikulu." Walinipenda, sina neno nao. Lakini maneno yale yalinidhuru polepole. Kila Jumamosi nilipofungua kanisa nilikuwa kama msafiri aliyekaa stendi na tiketi mkononi, anachungulia barabarani. Sikuwa hapa. Watu hawa arobaini walikuwa wapita njia kwangu, na mama mkwe, Mungu anisamehe, alikuwa sababu ya kuchelewa kwangu.

Ninachokiamini leo ni hiki: kufichwa si stendi. Hatukai humo tukingoja maisha yaanze.

Mtazameni Bwana mwenyewe. Luka 3:23 yasema alipoanza kufundisha alikuwa kama wa miaka thelathini. Ukiacha habari za kuzaliwa kwake na utoto wake mchanga, miaka ile yote kabla ya hapo tumeachiwa habari moja tu ya hekaluni alipokuwa na kumi na miwili, na baada yake sentensi kwamba akashuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Marko 6:3 watu wanamwita seremala, na hawamsifu kwa kumwita hivyo. Sasa anafika Yordani, hajamponya mtu, hajahubiri, hana mwanafunzi hata mmoja. Na mbingu zinasema, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe."

Amependezwa na nini? Na randa na msumeno, na kumtii Mariamu, na kwenda sinagogi kila sabato. Sauti ile ilikuja wakati hakuna cha hadhara cha kukisifia. Nilipoliona hilo niliacha kufagia, nikasimama tu.

Na Daudi. Tunapenda sana ile pembe ya mafuta katika 1 Samweli 16. Someni mistari michache mbele, pale Sauli anapotuma wajumbe kwa Yese: "Nipelekee mwanao Daudi, aliye pamoja na kondoo." Amekwisha kutiwa mafuta, Roho wa Bwana amekuja juu yake kwa nguvu, na bado yuko pamoja na kondoo! Alirudi malishoni na mafuta kichwani. Hakuna mahali paliposema alilalamika.

---

Mama Mapacha

Amina, kaka. Umenigusa. Mimi niko Jinja. Nilikuwa kwenye kwaya na kikundi cha maombezi kabla ya kujifungua. Mapacha wangu wana miezi kumi na minne. Jumapili nakaa nje chini ya mwembe na akina mama wengine, mahubiri nasikia mwangwi tu, sijui hata ni kitabu gani kimesomwa. Usiku nikifungua Biblia nasoma mistari miwili, naamka asubuhi imenilalia kifuani. Mwaka mzima sijafunga, sijakesha. Nyinyi mnaongea kukua. Mimi naona nimesimama kabisa. Je, na huku nako ni kufichwa na Mungu au ni uvivu wangu?

---

Shangazi wa Bombo

Mwanangu, uvivu haulei mapacha.

Nimelea sita. Nikwambie nilivyofanya mimi. Juu ya sigiri nilikuwa nabandika kipande cha boksi, nimeandika mstari mmoja kwa mkaa. Mstari mmoja wiki nzima. Uji unachemka, nausoma. Naosha nepi, naukumbuka. Zaburi ya 131 ilinikalisha mwezi mzima, na ni mistari mitatu tu. Daudi anasema nafsi yake imetulia kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Nilipokuwa msichana niliipita tu zaburi hiyo. Nilikuja kuielewa nikiwa na mtoto kifuani, yule aliyekwisha kuacha ziwa, hadai kitu tena, anataka tu kuwa pale. Hakuna mhubiri aliyenifundisha hilo. Ni mtoto.

Basi wewe unao wawili wa kukufundisha. Lala ukipata usingizi. Biblia ikikulalia kifuani iache.

---

Kijana wa Bwaise

Bwana asifiwe wote. Samahani mimi nitapinga kidogo, kwa heshima. Naona hatari. Yule mtumwa wa talanta moja katika Mathayo 25 naye alificha, na Bwana wake hakumwita mnyenyekevu, alimwita mbaya na mlegevu. Na Mathayo 5:15, taa haiwekwi chini ya pishi. Sisi vijana tuna karama, tunaambiwa tukae nyuma, tutulie, wakati wetu bado. Wengine wamezeeka nyuma huko huko. Mtu mwenye uwezo wa kuimba anafagia popo miaka minne, tuseme ni utukufu?

---

Msafiri wa Toro

Ndugu yangu, asante kwa kusema wazi. Nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu.

Yule mtumwa alisema mwenyewe kwa nini alizika: "Nikaogopa." Alijificha. Hiyo ni dhambi na sitaitetea. Kama unaweza kuimba na watu wanakuhitaji uimbe, halafu unakaa nyuma kwa kuogopa kukosolewa, toka huko leo. Lakini kujificha ni kitu kimoja na kufichwa ni kingine. Eliya hakuchagua kijito cha Kerithi. Aliambiwa, "ukajifiche," na aliyemwambia ni Mungu, na kunguru wakaagizwa kumlisha huko huko. Mimi sikuichagua Toro. Mama aliugua.

Na taa. Nimerudi kuusoma ule mstari polepole. Taa inawekwa juu ya kiango, "nayo yaangaza wote waliomo nyumbani." Waliomo nyumbani. Nilikuwa nausoma kama umesema mji mzima. Nyumbani mwangu wamo mke, watoto wawili, na bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Miaka yote ya Kampala nilikuwa naangaza Lira na nyumbani ni giza, mke wangu ni shahidi. Kuna usiku namgeuza mama mkwe saa nane ili asipate vidonda mgongoni, na yeye hawezi kusema, anaufinya mkono wangu kwa ule mkono wake mzima. Siku hizi nikimgeuza naimba, kwa sauti ya chini. Ndiyo uimbaji wangu mkubwa kwa sasa, na sikuambii hivyo kwa kujifariji. Sijawahi kuimba kwa ukweli namna hiyo.

Kuhusu kuzeeka nyuma huko huko, hilo ndilo jiwe lenyewe. Naomba tulirudie.

---

Mzee wa Mpondwe

Shalom wanangu. Mimi niko mpakani huku Kasese, nusu ya ukoo wangu uko ng'ambo, Kiswahili chetu mtakivumilia.

Mmesema Toro nikamkumbuka Apolo Kivebulaya. Vijana wanalijua jina, habari hawaijui. Muganda huyu alibatizwa 1895, akatumwa Toro, na 1896 akavuka kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ambako leo ni Congo. Wakati ule hakuwa bado kasisi, alikuwa mwalimu wa kawaida tu. Chifu wa Mboga, Tabaro, hakumtaka. Alipigwa. Kisha mwanamke mmoja akaangukia mkuki akafa, Apolo akasingiziwa, akaletwa Fort Portal akiwa mfungwa. Fikiria hapo. Mwalimu mdogo, yuko gerezani, ameonekana muuaji, kazi yake imevunjika, na waliomtuma wako mbali. Ni humo gerezani alimoona Kristo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, akamwambia yuko pamoja naye. Alipofunguliwa akarudi kule kule Mboga. Tabaro akaja kubatizwa.

Alikufa huko huko 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa mtu azikwe kichwa kikielekea kwao. Yeye aliomba kichwa chake kielekee magharibi, msituni, kwa watu aliokuwa bado hajawafikia. Kanisa la Anglikana la Congo lilianzia kwenye kazi ile. Yeye hakuliona likiwa kama lilivyo leo.

Siwaambii haya mseme kufichwa kwake kulilipa. Mtu aliyeomba azikwe vile hakuwa anangoja kurudi Kampala.

---

Mkatoliki wa Nsambya

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba niongeze moja kutoka upande wetu, maana nadhani inahusu moja kwa moja.

Kila tarehe 3 Juni tunakwenda Namugongo kwa miguu, tunawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa 1886 kwa ajili ya imani yao. Ishirini na wawili wa kwetu wametajwa watakatifu 1964, na ndugu zetu Waanglikana nao wana wao waliokufa katika dhuluma ile ile. Lakini kuna kipindi kabla ya pale ambacho watu hawakihubiri. Mapadre wa kwanza walifika 1879, na Novemba 1882 wakaondoka Buganda wote, wakavuka ziwa kwenda kusini. Hawakurudi mpaka 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padri. Hakuna misa, hakuna kitubio. Waliobaki walikuwa waongofu wachanga, wengine ni wavulana wa ikulu ya mfalme wa Buganda.

Ungetarajia padri arudi akute majivu. Alikuta wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa akiwafundisha wenzake ikuluni kimyakimya, Matiasi Kalemba na Andrea Kaggwa vivyo hivyo huko walikokuwa. Tena wasomaji wale wa kwanza, Wakatoliki na Waprotestanti, walianza kwa maandishi ya Kiswahili kabla vitabu vya Kiganda havijapatikana, kwa hiyo lugha hii tunayoandikia hapa ilikuwa nao mafichoni.

Mimi nikienda Namugongo huwa naomba kwa ajili ya ile miaka mitatu. Moto ulikuwa siku moja. Imani iliyoweza kuuingia moto ilipikwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa anawaangalia.

---

Aliyenyamazishwa

Nimesoma wote. Nataka kuuliza, na mnisamehe kama nitaharibu.

Mimi sikufichwa na ugonjwa wala uhamisho. Nilifundisha shule ya Jumapili miaka tisa. Niliuliza kwenye kikao pesa za watoto za kambi zilikwenda wapi. Wiki iliyofuata nikaambiwa nipumzike huduma. Nilipolalamika, kiongozi akanishika bega akasema, "Dada, huu ni msimu wako wa jangwani, Mungu anakufinyanga." Mwaka mmoja na nusu sasa. Watoto wakiniona barabarani wananikimbilia, wanauliza mwalimu utarudi lini.

Nikisoma "Mungu amekuficha" nasikia sauti ya yule mtu.

---

Msafiri wa Toro

Dada yangu. Hujaharibu chochote. Ulichofanyiwa ni kosa, na kukiita jangwa la Mungu ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Nilimtaja Yusufu kwa juujuu, wacha nimrudie kwa ajili yako. Yusufu gerezani hakusema, "Huu ni msimu wangu." Mwanzo 40 anamwambia mkuu wa wanyweshaji amkumbuke, amtaje kwa Farao, amtoe katika nyumba ile. Na anasema waziwazi kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania, na kwamba hata huku hakutenda neno la kutiwa gerezani. Mtu wa Mungu kabisa, Bwana yuko pamoja naye humo gerezani, imeandikwa mara mbili, na bado anadai haki yake kwa mdomo wake. Kisha: "Lakini mkuu wa wanyweshaji hakumkumbuka Yusufu, alimsahau." Miaka miwili mizima.

Kwa hiyo uliza tena habari za pesa za watoto. Kama kuna ngazi ya juu ya kanisa lenu, peleka huko kwa maandishi. Kufanya hivyo si kukataa kufinyangwa. Mungu kuwa pamoja nawe shimoni hakumaanishi kwamba ndiye aliyekusukuma.

---

Shangazi wa Bombo

Na wale watoto wanaokukimbilia barabarani, mwanangu, ndio darasa lako. Hilo hakuna kikao kinachoweza kulifunga. Wasalimie kwa majina. Mkumbushe kila mmoja mstari wake.

---

Aliyenyamazishwa

Shangazi, nimelia hapa dukani, wateja wananitazama. Asante. Asante kaka.

---

Mwalimu Mstaafu

Kwa kifupi. Kuna Simeoni Nsibambi, ambaye pamoja na daktari Joe Church waliomba na kusoma Neno pale Namirembe Septemba 1929, na uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ukaenea kutoka hapo na Gahini, Rwanda, mpaka Kenya na Tanganyika. Miaka michache kabla ya siku zile alitamani mno nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, hakuipata. Aliumia. Ndipo Mungu akamwonyesha kwamba uzima wa milele ni mkubwa kuliko masomo yale aliyoyakosa. Aliacha kazi yake ya serikali katika idara ya afya. Na huko mbele ya maisha, afya ilipomzuia kusafiri, wengine ndio waliozunguka wakihubiri, yeye akawa mtu wa nyumbani tu, watu wakimfuata kuombewa na kushauriwa. Alifariki 1978.

Nimefundisha miaka thelathini na mbili katika shule za vijijini na nimeona vijana wengi wakivunjika kwa nafasi moja waliyoikosa. Huwa nawasimulia huyu.

---

Kijana wa Bwaise

Mwalimu, mimi ni mmoja wao, ndiyo maana niliandika kwa ukali. Kuna nafasi nilikuwa nimeahidiwa kwenye timu ya sifa akapewa mtu mwingine, jamaa wa kiongozi. Nimekuwa naenda kanisani nakaa nyuma na mikono nimekunja. Kaka wa Toro, ulisema utarudi kwenye lile la kuzeeka nyuma huko huko. Nasubiri.

---

Msafiri wa Toro

Ndiyo. Samahani kwa ukimya, mama alikuwa na homa, sasa amepoa.

Kuna Mathiya. Matendo 1, mitume wanatafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda. Petro anasema awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku Bwana alipochukuliwa. Wakapatikana wawili, Yusufu aitwaye Barsaba, na Mathiya. Maana yake watu hawa walikuwapo. Mafundisho yote, safari zote, miaka yote ile, na injili nne haziwataji hata mara moja. Kura ikamwangukia Mathiya, na baada ya sura ile Maandiko hayamtaji tena kamwe. Na yule mwingine, Barsaba? Alistahili sawasawa. Hakuchaguliwa. Nampenda siku hizi kuliko watu wengi wa Biblia. Natamani kujua alikwenda nyumbani akafanya nini Jumatatu yake.

Ndugu, huenda ukazeeka nyuma. Mimi huenda nikafa na ufunguo huu wa kanisa mfukoni. Nilikuwa naogopa hata kuliandika neno hili. Lakini nitakusimulia mtu aliyenitoa hofu.

Yuko bibi hapa, amepita miaka themanini. Watu wa hapa wanamwita Kaaka. Kila Jumamosi nikiwa nafagia anaingia, anakaa benchi la mbele upande wa dirisha, anafungua kitambaa, anatoa makopo mawili ya maziwa ya unga. Moja limejaa maharage, jingine tupu. Anachukua punje moja, anaishika kati ya vidole, midomo inacheza, kisha anaitia kwenye kopo tupu. Tik. Anachukua nyingine. Miezi mingi nilidhani anachagua maharage ya kupika.

Siku moja nikauliza. Hajui kusoma. Kila punje ni mtu. Mnaojua Toro mnajua kuwa hapa humsalimu mtu mpaka umeuliza empaako yake, lile jina la heshima na mapenzi, na majina hayo ni machache, watu wengi wanashirikiana. Kwa hiyo kwenye kopo lake wamo Akiiki tisa, Amooti kumi na mmoja, na Abwooli sijui wangapi. Nikamuuliza anawatenganishaje. Akasema yeye hawatenganishi, anayeambiwa ndiye anayejua ni yupi.

Kila mavuno anabadilisha punje, maana fukusi wanatoboa. Anakaa uani na maharage mapya anawahesabu watu wake upya mmoja mmoja, waliozaliwa anawaongeza. Nikamuuliza ameanza lini. Alipofiwa na mume, watoto wakiwa wadogo, wakati wa Amin. Hebu hesabuni Jumamosi hizo. Hajawahi kusimama mbele ya kanisa hata kutoa tangazo. Mchungaji mwenyewe hakujua habari za makopo mpaka nilipomwambia.

Na mimi nimo. Aliniweka siku niliyopewa ufunguo, kabla hajajua nilikuwa nani Kampala, na hata leo hajui. Kwake mimi ni Araali, mtu wa kufagia. Nilipoiona punje yangu kiganjani mwake, kaka yangu, ile stendi yangu nilitoka. Sijui kuieleza zaidi ya hapo.

---

Kijana wa Bwaise

Nimesoma mara mbili. Sina la kusema. Jumapili nitaomba nisaidie kupanga viti. Si kwa ajili ya kuonekana. Nataka tu mikono yangu ikunjuke.

---

Mama Mapacha

Shangazi, nimebandika boksi. Mkaa unafutika, nimetumia kalamu ya watoto. Zaburi 131, kama ulivyosema. Mmoja wa mapacha ameling'oa na kulitafuna upande, ila maneno yanasomeka.

---

Msafiri wa Toro

Nimerudi mara moja tu kutoa habari.

Yule kijana wa Kitgum nilimpigia juzi, tumeongea saa nzima, sikumwambia kwamba Mungu anamwandaa kwa makubwa. Nilimuuliza jirani zake ni akina nani. Amepata wawili wa kusali nao jioni, mmoja ni mlinzi wa jengo wanalofanyia kazi. Hawana kinanda.

Jana Jumamosi nilimweleza Kaaka habari zenu. Nikamwambia kuna watu nazungumza nao kwenye simu, siwajui sura, yuko mama wa mapacha, yuko mwalimu aliyeondolewa kwa watoto wake, yuko kijana aliyekunja mikono, na wengine. Akauliza empaako zao. Nikamwambia hawana, si watu wa huku, na hata majina wanayotumia si ya kweli. Alifikiri kidogo. Kisha akaanza kuwagawia. Mama Mapacha sasa ni Adyeeri. Dada Aliyenyamazishwa ni Akiiki, kwa hiyo wamekuwa kumi. Kijana wa Bwaise ni Apuuli, na yule wa Kitgum ni Atwooki.

Maharage yanavunwa wiki hii na anabadilisha punje. Kama kuna anayesoma uzi huu kimyakimya na anataka kuwemo, aandike hapa chini neno moja tu, nitampelekea Jumamosi.